Anaongea na Nani?

Video ninayotaka kuizungumzia ina dakika 4 na sekunde 11. Usiitafute YouTube, haiko. Ilionyeshwa mara moja tu, hapa Kiminini, ndani ya hema la matanga, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya nguzo mbili, na maneno yake yote niliyaandika mimi. Kwa hivyo ninayemhakiki hapa ni mimi mwenyewe, na sina mpango wa kujionea huruma.

Anayeonekana ni binamu yangu. Huu ni mwaka wake wa tatu Doha, analinda geti. Kukhu alipofariki (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Lubukusu), hakupata ruhusa ya kusafiri. Akanipigia usiku, sauti imekauka: "Bro, wewe ndiye mwandishi wa hii familia. Niandikie kitu niseme." Nikaandika maneno 480. Nilijua kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo pesa yangu karibu yote imetokana na kuandika maneno ambayo watu wengine wanayasoma mbele ya kamera: mwenye agrovet anayetangaza mbegu, mchungaji mwenye ukurasa wa Facebook, wazee wawili wanaotaka kiti cha MCA.

Anayelala naye chumba kimoja huko Doha ana chaneli ya mapishi, na ana teleprompta. Si ile kubwa ya studio, ni ile ndogo inayokunjwa na kuingia kwenye begi la mgongoni, unaifunga mbele ya simu. Wakaweka pazia la buluu, taa mbili, maneno yangu yakapanda kwenye kioo, binamu akayasoma.

Alisoma vizuri mno. Hakuna "eeh", hakuna "yaani", hakuna kuangalia pembeni. Na macho! Popote ulipokaa kwenye hema, mbele kwenye viti vya plastiki au nyuma kwa wapishi, alikuwa anakutazama wewe. Nilisimama kando ya projekta nikiwa na majivuno ambayo hayafai matangani. Ndipo jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, akaniinamia sikioni akauliza polepole, "Huyu anaongea na nani?"

"Na sisi, mzee."

Akatazama tena kidogo. "Aa," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Hiyo "aa" ndiyo imenikalisha chini.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu wengi wanaokiona kwa nyuma wanadhani kuna uchawi. Hakuna. Skrini inalala chali, simu au tableti, maneno yakiwa yamegeuzwa kama yanavyoonekana kwenye kioo cha kunyolea. Juu yake kuna kioo kilichoinama nyuzi 45, kimepakwa utando mwembamba unaorudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu kubwa. Anayesoma anaona maneno yakielea. Kamera, iliyojificha nyuma ya kioo ndani ya kitambaa cheusi, haioni neno hata moja. Inaona uso tu. Ya bei nafuu nilinunua kwa pesa ya magunia matatu ya mahindi, na nasema mahindi ya Juni, si ya Novemba wakati kila mtu Trans Nzoia amevuna na bei imelala.

Ujanja wa kioo kilichoinama ni mkongwe kuliko kamera za video. Mwaka 1862, London, John Henry Pepper aliutumia kuleta mzimu jukwaani: mtu amefichwa chini kwenye mwanga mkali, kioo kikubwa mbele ya jukwaa, watazamaji wanaona kivuli cheupe kikitembea kati ya waigizaji. Mpaka leo unaitwa mzimu wa Pepper. Kwa hiyo kioo hiki kilianza kazi kwa kuonyesha mtu ambaye hayupo. Nililijua hilo baada ya matanga, si kabla.

Teleprompta yenyewe ilizaliwa Marekani karibu mwaka 1950. Mwigizaji Fred Barton alikuwa anapata shida kukariri, televisheni ya wakati ule ilikuwa inaenda hewani moja kwa moja, na mhandisi Hubert Schlafly akamtengenezea karatasi ndefu inayosukumwa na mota, imepangwa ndani ya nusu ya sanduku la safari. Haikuwa na kioo. Ilikaa pembeni ya kamera, na anayesoma alionekana anasoma. Kioo cha mbele ya lenzi kilikuja baadaye kidogo, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kabla ya kioo, chombo kilimsaidia msemaji asisahau. Baada ya kioo, kilimsaidia pia aonekane hajaandikiwa.

Shida yangu iko kwenye hiyo hatua ya pili, lakini hata ile ya kwanza ina mambo yake ukileta Kiswahili. Hivi vitu vilitengenezewa lugha yenye maneno mafupi. Ukiweka herufi kubwa za kusomeka ukiwa mita mbili kutoka kwenye simu, mstari wa Kiingereza unabeba maneno manne au matano. Wa Kiswahili unabeba mawili, na "tulivyokutegemea" limeumaliza peke yake. Halafu kuna jinsi kitenzi chetu kilivyojengwa. Kukataa kunaanza, kisha nani, kisha lini, kisha nani anatendewa, na kitendo chenyewe kinakuja mwisho. Nimemwona mchungaji wangu akikwama katikati ya neno moja: "hatutaku..." Hapo bado hajui. Hatutakusahau? Hatutakusumbua? Hatutakusamehe? Macho yanasubiri mstari upande. Kwa Kiingereza mtu anakwama kati ya neno na neno, anaonekana anafikiri. Kwetu anakwama ndani ya neno, anaonekana amesahau jina la mama yake.

Kuna programu zinazosikiliza sauti yako na kuyasogeza maneno kwa kasi yako. Niliyoipakua ilikuwa inasikia Kiingereza tu. Mchungaji alihubiri dakika nzima, yenyewe imetulia, inadhani ni upepo. Akasema "Amen", ikaruka mistari mitatu.

Basi nimejifunza kuandika kwa ajili ya kioo. Sentensi fupi. Vitenzi vifupi. "Tulimpenda" badala ya "tulivyokuwa tukimpenda". Kiwakilishi kirefu nakivunja. Maneno 480 niliyomwandikia binamu niliyapima kwa saa, kama 115 kwa dakika, na nikaondoa kila neno lililozidi silabi sita. Kukhu mwenyewe alikuwa haongei hivyo. Kukhu alikuwa na sentensi zinazotoka jikoni, zinapita kwa ng'ombe, zinarudi na lawama. Yaani hata kabla binamu hajafungua mdomo, nilikuwa nimeshamkata kukhu ulimi ili atoshe kwenye kioo cha inchi saba.

Lakini siamini hiyo ndiyo iliyomsumbua mzee. Hema lile lile, saa moja kabla, dada mdogo wa binamu alisoma tawasifu ya marehemu kutoka kwenye ile karatasi ya kung'aa yenye picha. Alizaliwa wapi, akaolewa na nani, akabarikiwa na watoto wangapi. Unazijua hizi tawasifu, zote zimeandikwa na mtu mmoja. Hakuinua macho hata mara moja. Karatasi ilitetemeka, akaruka mstari, akarudia, sauti ikakatika kwenye neno "Kiminini" ambalo halina uchungu wowote. Hakuna aliyeuliza anaongea na nani. Watu walilia mpaka nyuma kwa wapishi.

Kwa hivyo kusoma si kosa. Padri anasoma Injili ameinama na hatumdai macho yake. Baba yangu husimulia wasomaji wa habari wa KBC enzi zake: kichwa kwenye karatasi, kinainuka mwisho wa sentensi kama mtu anayechungulia dirishani, kinarudi. Karatasi ilikuwa inasema ukweli juu ya hali: haya maneno yametoka mahali, mimi nimeyabeba, pokeeni. Mtazamaji na msomaji wote wawili walikuwa wanaitazama ile karatasi, kila mmoja kwa upande wake.

Siku hizi ukiwatazama Lulu Hassan na Rashid Abdalla kwenye Nipashe Wikendi ya Citizen, tafuta ule wakati mdogo mmoja anapomaliza taarifa na kumgeukia mwenzake. Ni mume na mke, nchi nzima inajua. Wanasoma kwa ufundi mkubwa, sina neno. Lakini akishageuka, macho yanakuwa na kazi nyingine kabisa. Yanauliza kitu, yanangoja kujibiwa. Nimekuwa nikiangalia taarifa hiyo kwa ajili ya sekunde hizo tatu, habari zenyewe nimeshazisoma kwenye simu mchana.

Na marais wetu pia wametupa somo hili kila sikukuu ya kitaifa bila kukusudia. Inasomwa hotuba ya Kiingereza, ndefu, imejaa takwimu, uwanja umelala, askari wa gwaride wanaanguka kwa jua. Kisha karatasi inafungwa, Kiswahili kinaanza, na watu wanaamka kabla hata hawajasikia kinachosemwa. Moi alifanya hivyo miaka 24. Sisemi kwamba yaliyosemwa kwa Kiswahili yalikuwa ya kweli zaidi. Mara nyingi pale ndipo vitisho vilipotoka. Nasema tu kwamba alikuwa sasa anawaangalia watu, akiona nani anacheka na nani hacheki, na watu walijua wanaonekana. Ukiwa Kitale wazee watakuongezea jina la Wamalwa Kijana, mbunge wetu wa zamani wa Saboti aliyekufa mwaka 2003 akiwa Makamu wa Rais, na watakwambia hakuna aliyejua kuongea tena baada yake. Kila mji una mtu wake wa namna hiyo. Mimi nilikuwa mtoto, nayachukua kwa imani.

Hapa kuna jambo linalonikera kwenye mafunzo yote ya video ninayoyaona mtandaoni. Yanasema: mtazame mtazamaji machoni, ndipo atakuamini. Kama sheria ya maumbile. Nani alisema? Mimi nimelelewa kuwa mtoto hamkodolei macho mzee. Ukiitwa na senge yako umekosea, unatazama vidole vya miguu, na hiyo ndiyo heshima, na hiyo ndiyo namna ya kukiri kosa. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni kabisa, na wanapendana. Ukimleta hapa kijana anayekutazama bila kupepesa dakika nne na sekunde kumi na moja, sisi hatufikirii ukweli. Tunafikiria anayeuza kitu, au askari.

Binamu yangu asingemtazama yule mzee hivyo hata siku moja. Angekuwepo, angesimama mbele ya hema, angewatazama wakubwa kidogo, angeinama, angetazama kaburi, angemtafuta mama yake, angetazama mbali kule Elgon wakati maneno yanakataa kutoka. Macho ya mtu anayeomboleza yana safari. Mimi, kwa ujuzi wangu wote, niliyafungia sehemu moja.

Anayejua kazi hii kuliko sisi wote ni omuswali wa kumuse. Kwa msomaji asiye wa huku: kwa Babukusu, mzee mwanamume wa heshima akishazikwa, siku chache baadaye huitwa mtu mwenye kipaji na ruhusa ya kusema, akazungumza na ukoo na majirani kwa masaa. Hasomi. Ana fimbo mkononi na vazi lake, watu wamemwachia uwazi katikati, anatembea huku na huko, huku na huko, na wakati wote huo hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Anasema historia, nani alitoka wapi, nani alioa wapi, anaonya, anatukana kidogo panapohitajika. Bungoma hata watoto wa juzi wamesikia jina la Manguliechi, na rekodi zake bado zinazunguka kwenye simu za watu.

Niliona kumuse nikiwa darasa la sita, siku babu yangu alipofanyiwa. Kukhu hakufanyiwa, kwa kawaida hiyo ni ya wanaume, na hilo nalo lina makala yake. Ninachokumbuka ni kwamba omuswali hakumtazama mtu mmoja kwa muda mrefu. Anatembea, macho yako chini, au juu, au kwenye ncha ya fimbo. Halafu anasimama ghafla mbele ya kundi fulani na kuwatazama, labda pumzi mbili, na watu hao wanajua ni kwa nini yeye amesimama pale. Mjomba wangu mmoja, khocha, aliyekuwa ameuza shamba kinyemela, aliangalia viatu vyake jioni yote. Hakutajwa jina. Macho yalitumika mara moja tu kwake, kama chumvi.

Ukimwekea mtu huyo teleprompta umemfunga miguu. Si kwa sababu ya maneno, huenda sehemu nyingine anazijua kwa moyo kabisa, neno kwa neno, kwa hiyo kwa namna fulani naye "anasoma". Tofauti ni kwamba anaona. Akiona wazee wametingisha kichwa anarefusha. Akiona kijana anasinzia anamrudia. Kioo changu hakioni. Kinapitisha uso upande mmoja tu, na upande wa pili kinamrudishia msemaji maneno yake mwenyewe. Au yangu, kwa hali ya binamu.

Mbaya zaidi ni kwamba hata kioo kinaanza kupitwa na wakati. Mwaka 2023 NVIDIA walitoa programu inayoyachora upya macho yako wakati uko mbele ya kamera: wewe unasoma karatasi mezani, yenyewe inakuonyesha umetazama lenzi. Apple walikuwa na kitu cha jamii hiyo kwenye simu za FaceTime miaka michache kabla. Nimeijaribu ya kompyuta kwa rafiki mmoja mjini Kitale. Tulicheka mpaka tukachoka. Aliinama kunywa chai, macho yakabaki yananitazama.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeshaandika kichwani kwamba teleprompta ni chombo cha waongo na nitaiuza, nilipotazama The Fog of War, ile filamu ya Errol Morris ya mwaka 2003. Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, mzee wa miaka themanini na zaidi, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi karibu filamu nzima na kueleza mambo aliyoyafanya. Na macho yale yako hai. Yanakwepa, yanarudi, yanajitetea, yanaona aibu na kuificha. Nilisimamisha nikaenda kutafuta jinsi ilivyofanywa. Morris alitumia teleprompta. Mbili. Lakini hakuweka maneno. Kwenye kioo kilichokuwa mbele ya McNamara aliweka uso wake yeye Morris, moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya pili, na yeye mbele yake akaona uso wa McNamara. Mzee anapotazama lenzi anamtazama mtu anayemuuliza maswali. Chombo hiki alikiita Interrotron. Ni kioo kile kile, nyuzi zile zile 45, na kitambaa cheusi.

Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Miaka miwili nimebeba hiki kitu kwenye boda kutoka Kiminini hadi Kitale, na sikuwahi kufikiri kinaweza kubeba kitu kingine zaidi ya maandishi. Hiyo ni aibu ya mwandishi: ukinipa kioo nakiona karatasi.

Nikarudi kwenye faili la binamu, lile ghafi alilonitumia kutoka Doha. Lilikuwa refu kuliko lililoonyeshwa kwa sekunde 19. Nilizikata mimi usiku wa kuamkia mazishi bila kufikiria mara mbili, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa, mwanzo na mwisho unasafishwa. Kwenye sekunde hizo maneno yameisha. Kioo ni cheusi. Unaona macho yake yakipoteza mahali pa kushika, yanashuka, yanatafuta, halafu yanampata yule mwenzake wa mapishi nyuma ya kamera. "Imeisha?" anauliza. Mwenzake anasema kitu ambacho hakisikiki. Binamu anajifuta pua kwa mkono. "Leso nilikuwa nimeshamnunulia," anamwambia. "Iko kwa hiyo begi ya bluu." Anaonyesha kwa kidole. Video inakatika.

Kama mhakiki, hizo sekunde 19 ndizo filamu. Zile dakika nne ni tangazo lake. Na mtu aliyekuwa anaangalia pembeni, si kwenye lenzi, ndiye ambaye mzee wetu angemwelewa bila kuuliza.

Sikumwambia senge, mama yake, kwamba nilikata. Nilitaka kwanza nijaribu kitu. Jumapili moja nikabeba teleprompta hadi kwake, nikaiweka kwenye kivuli cha mwembe, kwa sababu juani kioo hicho hakifai, mwanga unameza kila kitu. Badala ya maneno nikaweka simu ya video na binamu. Kwa kuwa picha kwenye kioo inageuka, binamu alikuwa amechana nywele upande usio wake, senge akaligundua mara moja. "Mbona umebadilisha nywele?" Kamera yangu ilikuwa nyuma ya kioo, inashika uso wa senge. Nilimwambia azungumze naye tu, kama kawaida, asinijali.

Kwanza alifunga kitambaa chake upya, alipojua kwamba anaonekana. Akauliza kama amekula. Akauliza kuhusu joto. Akamwambia ng'ombe mwekundu amezaa, na kwamba fundi wa paa amekula pesa, na kwamba kaburi la kukhu limeanza kushuka upande mmoja kwa mvua, tuliweke saruji kabla ya Agosti. Maneno marefu, yenye viambishi vyote, hakuna mstari ambao ungeyabeba. Picha yangu ilikuwa na giza kidogo, kioo kinakula mwanga. Jogoo aliwika mara tatu. Kiufundi ni kazi mbovu na hakuna mteja angeilipia.

Halafu mtandao ukakwama. Binamu akaganda kwenye kioo, mdomo wazi, nusu ya neno. Senge hakugeuka kuniuliza. Alinyamaza, akakaa anamtazama. Mimi nyuma ya kitambaa cheusi nilikuwa naona uso wake umejaa fremu yote, macho kwenye lenzi kabisa, ndani kabisa, yanamkagua mtoto aliyeganda: shavu limepungua, ndevu hizi tangu lini. Sekunde 40 hivi. Sikupumua.

Mtandao ukarudi, binamu akamalizia neno lake.

"Ulipotea," senge akasema.